Kabla ya mwaka jana sikujua bandama iko upande gani

Kuna watu wamekuwa wakiniuliza hivi we unaumwa nini hasa, maana kila wakiuliza nasema "ni mambo ya damu tu" alafu nahamisha stori. Sio kwamba naficha. Ukimwambia mtu una saratani ya uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, anaanza kukuangalia kama vile unamuaga, na ukimwambia ni damu anakushauri ule mboga za majani. Basi leo naandika yote nimalize, ikiwa ndefu ni ndefu, asome kidogo kidogo.

Ugonjwa unaitwa mielofibrosisi. Jina lenyewe lilinichukua wiki nzima kulitamka bila kusimama katikati. Ni nadra, kwa mwaka anagundulika kama mtu mmoja hivi kati ya laki moja, ndo maana unaweza kukutana na daktari mzuri tu ambaye ameusoma darasani ila hajawahi kumshika mgonjwa wake.

Kwangu ulianza na kushiba. Sio homa, sio maumivu, kushiba. Nakaa mezani na njaa yangu kabisa, vijiko vitano sita nimejaa mpaka kooni. Nikaambiwa vidonda vya tumbo, nikameza dawa za vidonda miezi saba, huku usiku natoka jasho la kubadilisha fulana mara mbili, kilo tisa zimekwenda na watu wananipongeza eti nimependeza, nafanya mazoezi gani. Mpaka siku moja nikamkuta daktari kijana aliyeshika zamu ya mwenzie. Hakuuliza mengi, akasema mzee lala chali, vuta pumzi, akabonyeza chini ya mbavu za kushoto akanyamaza, akashuka kidogo akabonyeza akanyamaza, akaendelea kushuka hivyo hivyo mpaka karibu na kitovu. Alafu akaniuliza, "Hii bandama imeanza kukua lini?" Mimi nilikuwa sijui hata kama ninayo. Bandama, wengine mnaita wengu. Ya kawaida haizidi sana sentimita 12 au 13 kwa urefu, yangu altrasaundi ilisoma 21. Imelikalia tumbo, chakula kitapita wapi.

Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio. Himoglobini, yaani wingi wa damu, iko chini, 10.2, chembe nyeupe zimepanda, plateleti, zile chembe za kugandisha damu, ziko sawa, na kwenye hadubini wakaona chembe nyekundu zenye umbo la tone la chozi. Hilo la chozi lilinishika, nikamwuliza yule daktari wa damu kwanini chozi, akasema zinajipenyeza kwenye nyuzi zikitafuta njia ya kutokea ulotoni, kwa hiyo zinatoka zimevutika mkia. Ikabidi nipimwe uloto wenyewe, sindano inaingia nyuma ya nyonga. Waliniambia nitasikia kama kitu kinavutwa. Sio kuvutwa jamani, ni kama mtu anakunyonya mfupa kwa mrija. Na baada ya yote hayo haikutoka kitu, bomba limerudi kavu, maana uloto wenye kovu hauvutiki, wakakata kipande cha mfupa wakaenda kukipaka rangi. Majibu: MF-2, kwenye kipimo cha kovu kinachoanzia 0 mpaka 3.

Sasa niseme nilivyoelewa mimi, na nilimsomea daktari kabla ya kuweka hapa, akarekebisha sehemu mbili tu. Ndani ya uloto kuna seli shina, zile mama za damu yote. Mojawapo inapata hitilafu kwenye jeni, sio ya kurithi kwa wazazi, inatokea ukiwa tayari upo duniani na mara nyingi inakaa miaka mingi kimya. Watoto wake wanazaliwa bila breki. Kati yao wale wakubwa wanaotengeneza plateleti wanamwaga kemikali zinazoziamuru seli za jirani zisuke nyuzi, na hizo seli za jirani zenyewe sio saratani, ni wafanyakazi wema waliopokea amri mbaya. Nyuzi zinajaa, uloto unakuwa kama godoro lililoshonwa kwa waya, damu inakosa pa kuzaliwa, inahamia kwenye ini na bandama. Yaani bandama inarudishwa kwenye kazi iliyowahi kushika kidogo ukiwa tumboni mwa mama yako na ikaacha. Kwa hiyo inavimba kwa sababu imebeba mzigo wa mwenzie. Nilipoelewa hapo nikaacha kuichukia.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza, je ni saratani au sio saratani? Na mimi niliuliza. Kumbe hata wenyewe walichukua muda kukubaliana. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza 1879 na Mjerumani mmoja aitwaye Gustav Heuck, alafu 1951 William Dameshek huko Marekani akaandika kwamba huu na wenzie, ule wa chembe nyekundu kuzidi na ule wa plateleti kuzidi, ni ndugu. Kwa miaka mingi ukaitwa "ugonjwa" tu, mpaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha jina la kundi zima kuweka neno la uvimbe wa kisaratani. Kwa hiyo usishangae ukisoma maandishi ya zamani ukakuta haitwi saratani, na usishangae pia ukikuta majina mengine ya ajabu ajabu, huu ugonjwa umebatizwa mara nyingi. Mimi nilipoteza jioni mbili nikisoma kuhusu ugonjwa mwingine nikidhani ni tofauti kumbe ni huu huu wa kwangu kwa jina la zamani.

Sasa nije kwenye ule usiku. Mtu yeyote mwenye ugonjwa mkubwa ana usiku wake na simu. Wangu nilikuwa jikoni, taa imezimwa, nimegugo "mielofibrosisi kuishi muda gani", ikaja namba moja, miezi 69. Nikachukua kikokotoo. Miaka mitano na miezi tisa. Nikaanza kuhesabu nani atakuwa kidato cha ngapi, nani atakuwa ameoa. Sikumwamsha mke wangu, nilikaa pale mpaka alfajiri, na nasema kweli ile namba iliniumiza kuliko ile sindano.

Ilinichukua mwezi kuifungua ile namba ndani kuna nini. Kwanza ni namba ya katikati, maana yake nusu ya watu waliipita, wengine wakaipita mbali, haisemi "utaishi miezi 69" kama tarehe ya mwisho ya maziwa. Pili ilitoka kwenye utafiti wa wagonjwa 1054 uliochapishwa 2009, na dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu ilipitishwa Marekani Novemba 2011, sasa piga hesabu mwenyewe wale watu walitibiwa na nini. Tatu, na hili ndo kubwa, wamechanganywa wote humo, wa miaka 80 na wa miaka 50, aliyegundulika mapema na aliyeletwa amebebwa. Kuna kipimo kinaitwa DIPSS kinachowagawa watu kwa pointi: umri zaidi ya 65, himoglobini chini ya 10, chembe nyeupe zaidi ya elfu 25, seli changa kwenye damu kuanzia asilimia 1, na dalili za mwili kama jasho na kukonda. Mimi nina 57, himoglobini ilikuwa 10.2, nilipata pointi moja tu, ya dalili. Kundi la kati la kwanza, ambalo namba yake ya katikati ni miaka 14. Ugonjwa ule ule, mtu yule yule, kutoka mitano na kitu mpaka 14, na mimi nilishagawa mali kichwani.

Nisije nikawapa picha ya kwamba mambo ni mepesi. Kundi la juu kabisa kwenye kipimo hicho hicho namba ya katikati ni mwaka mmoja na nusu, na wagonjwa wengine ugonjwa unageuka kuwa lukemia kali, pale seli changa zinapofika asilimia 20. Nasema tu usisome namba bila kuuliza ni ya nani.

Baada ya hapo nikaingia kwenye jeni, na hapo ndo nilichanganyikiwa kuliko popote. Mwaka 2005 makundi manne ya watafiti yaligundua karibu kwa pamoja hitilafu kwenye jeni inaitwa JAK2, na zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa wa mielofibrosisi wanayo. Mwaka 2013 ikagundulika nyingine, CALR, hiyo wanayo kama robo. Wachache wana ya MPL, na mmoja kati ya kumi hivi hana yoyote kati ya hizo tatu. Majibu yangu yakarudi JAK2 hakuna, CALR ipo. Kisha daktari ananiandikia dawa inayozuia JAK. Nikamwambia daktari mimi sina hiyo JAK, umechanganya faili? Akacheka, akasema hilo swali anaulizwa kila wiki.

Nielezee kwa kengele ya mlango maana ndivyo nilivyoelewa. Seli ina kitufe nje, homoni ikija inabonyeza, waya unapeleka umeme ndani, kengele inalia, seli inazaa. Huo waya ndo JAK2. Mwenye hitilafu ya JAK2, waya wenyewe umeungua unalia bila mtu mlangoni. Mwenye CALR kama mimi, waya ni mzima ila kuna protini iliyoharibika imeegemea kitufe haitoki, na hicho kitufe ndo MPL. Kote kengele inalia usiku kucha. Ukiupunguzia waya umeme, kelele zinashuka hata kama chanzo ni kitufe. Ndo maana dawa inafanya kazi kwa wote.

Ila mfano huo huo unakuonyesha tatizo lake. Dawa haichagui waya mzima na ulioungua. Na homoni inayoagiza chembe nyekundu zitengenezwe inapita kwenye waya huo huo, kwa hiyo ukipunguza umeme hata wageni wa halali hawasikiki, himoglobini inashuka, plateleti zinashuka. Sio sumu ya bahati mbaya, ndo dawa yenyewe inavyofanya kazi.

Dawa hiyo ni ruksolitinibu. Na hapa niseme kitu ambacho natamani mtu angeniambia siku ya kwanza, mimi nilikuwa nauliza "dawa ipi ni bora", kila mahali, kwa kila mtu. Hilo swali halina jibu. Kwenye jaribio kubwa la ruksolitinibu lililotangazwa 2012, wagonjwa 309 waligawanywa nusu kwa nusu, wengine dawa wengine kidonge kitupu. Baada ya wiki 24, asilimia 41.9 ya waliomeza dawa bandama zao zilipungua ujazo kwa angalau asilimia 35, kwa waliomeza kidonge kitupu ni asilimia 0.7. Dalili kupungua nusu, asilimia 45.9 kwa 5.3. Nilishangilia peke yangu sebuleni. Alafu nikasoma tena nikaona walichopima ni bandama na dalili. Kovu je? Ile seli mama iliyoharibika je? Kwa wengi bado ipo. Dawa inakurudishia usingizi na chakula, na hilo sio dogo kwa mtu aliyelala kwenye taulo mwaka mzima, ila haifuti ugonjwa.

Basi nikabadilisha swali: kinachonisumbua sasa hivi ni nini, na hii dawa imelenga nini? Ukiuliza hivyo dawa zinaanza kujipanga zenyewe. Fedratinibu, iliyopitishwa Marekani 2019, nayo ni ya bandama na dalili, inasaidia baadhi ya walioshindwana na ya kwanza, ila lazima upimwe vitamini B1 kabla, kwa sababu utafiti wake uliwahi kusimamishwa 2013 kwa hofu ya madhara kwenye ubongo. Pakritinibu ya 2022 ni ya wenye plateleti chini ya elfu 50, ambao dawa nyingine zingewamalizia kabisa. Momelotinibu ya 2023 ni ya wenye upungufu wa damu, inagusa njia nyingine inayofungia chuma mwilini, kwa hiyo wengine himoglobini inapanda badala ya kushuka. Na zipo kingamwili zinazolenga ile CALR iliyoharibika peke yake, yaani kumwondoa mtu kwenye kitufe bila kugusa waya, ila hizo ziko kwenye majaribio na mimi nazifuatilia kama mtu anavyofuatilia ligi.

Kabla ya kuanza nilipimwa kifua kikuu na homa ya ini B, kwa sababu dawa inapunguza ulinzi na vitu vilivyolala mwilini vinaweza kuamka, hata mkanda wa jeshi. Na nilionywa kwa sauti kali usiache ghafla, hata ukijisikia mzima, hata zikiisha wikiendi, dalili zinaweza kurudi zote kwa pamoja kwa hasira. Simu yangu ina alamu mbili.

Naomba radhi kwa ndugu walionitumia mizizi na unga wa kusafisha damu. Sijadharau. Hii dawa inavunjwavunjwa na ini kwa kimeng'enya maalumu, na kuna vitu vingi vinavyokizuia au kukichochea, baadhi ya antibiotiki, dawa za fangasi, hata balungi, sasa unga nisioujua kilichomo unaweza kunifanya niwe nimemeza dozi mara mbili bila kujua, au nisiwe nimemeza kitu. Ndo sababu tu, hakuna vita.

Kuna tiba moja tu inayoweza kuondoa ugonjwa kabisa, upandikizaji wa uloto wa mtu mwingine. Niliposikia nikasema basi kesho. Daktari akaniweka chini. Wapo wanaokufa kwa upandikizaji wenyewe, sio wawili watatu, na wapo wanaopona wakabaki na uloto mpya unaoushambulia mwili kama mgeni. Kwa hiyo kwa kawaida wanawapeleka walio kwenye makundi ya hatari zaidi, ambao kusubiri kuna hatari kuliko kwenda. Mimi pointi moja bado. Ila akashauri ndugu wapimwe mapema. Kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana nami kabisa. Ninao wawili. Kaka majibu yake yamerudi nusu. Dada yangu alipoitwa hakuuliza hata inauma au haiumi, aliuliza avae nini.

Sasa niko wiki ya 11 ya dawa. Jasho liliisha wiki ya pili, sikuamini, niliendelea kutandika taulo kwa mazoea. Nakula sahani nzima. Bandama nikibonyeza mwenyewe naisikia imepanda kama vidole vinne. Ila himoglobini imeshuka mpaka 8.7, napanda ngazi nasimama katikati kujifanya nasoma mesej. Na juzi nikafanya ujinga tena, nikaingiza hiyo 8.7 kwenye kile kipimo cha pointi, chini ya 10 ni pointi mbili, jumlisha na ile moja, tatu, kundi la kati la pili, namba ya katikati miaka minne. Usiku mwingine jikoni. Asubuhi nikampigia daktari, akaniuliza hivi si tulikubaliana usisome namba bila kuuliza ni ya nani? Himoglobini iliyoshushwa na dawa sio sawa na iliyoshushwa na ugonjwa, na kwa kawaida inafika chini kabisa kati ya wiki ya 8 na 12 alafu inapanda kidogo na kutulia. Tusubiri, ikikataa kupanda tutapunguza dozi, au tutaongea kuhusu ile ya 2023.

Jumatatu narudi kutoa damu. Dada naye majibu yake wanasema wiki hiyo hiyo.